Jaketi la Baba na Asubuhi ya Ukungu

Lilikaa miezi minane juu ya kabati, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa mafundo mawili, nami sikulifungua. Baba alinikabidhi siku niliyokuwa naondoka Wundanyi baada ya kumzika Mama. "Mama yako alisema hili ni la Wakesho," akaniambia, nami nikalipokea kama unavyopokea risiti dukani, nikalitia begini, nikarudi Doha kazini. Wenzangu wa pale kliniki, ninapofanya kazi ya mapokezi, waliniuliza kama nililia. Nikawaambia nililia sana. Uongo mtupu. Siku ya mazishi nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikawa nahesabu waombolezaji waliovaa kofia, na nilipofika ishirini na mbili jeneza lilikuwa limeshashuka.

Ijumaa iliyopita baridi ya Januari iliingia chumbani kwetu Al Mansoura kupitia ule mwanya wa dirisha ambao mwenye nyumba ameahidi kuuziba tangu nihamie. Ninaishi na Nakato, dada mmoja Mganda anayefanya kazi hotelini, na mchana ule alikuwa anapiga pasi sare zake za wiki nzima. Nikakumbuka kwamba nina jaketi. Nikapanda kiti, nikafungua mfuko, na kabla sijaliona jaketi lenyewe harufu ikanifikia: moshi wa kuni, dizeli, na zile dawa nyeupe za kufukuza nondo ambazo Mama alizitia kwenye kila nguo aliyoithamini. Ni jaketi la kazi la Baba, la bluu iliyokolea, lenye mistari ya kung'aa mgongoni na mikononi. Zipu yake imeng'oka meno matatu. Kampuni iliyompa ilishafungwa zamani. Mama alilitunza miaka yote hiyo, akahama nalo nchi, nami sikujua.

Kama wewe ni wa rika langu na mzazi wako alikwenda Ghuba, sina haja ya kukueleza sana. Unajua maana ya kuwa na mama wa kwenye simu. Mama yangu alikuwa muuguzi. Aliondoka nikiwa na miaka miwili, akaniacha kwa Bibi, mamake, kule milimani Taita. Baba akamfuata, akawa fundi wa viyoyozi. Mdogo wangu Mwakio akazaliwa huko huko Doha, nami nikamjua kwa picha: mtoto mnene aliyevaa viatu hata ndani ya nyumba. Mimi nilikuwa na Bibi, nilikuwa na mbuzi wanne, na nilikuwa na ule ukungu wa Wundanyi ambao asubuhi unashuka mpaka humwoni ng'ombe uliyemshika kamba. Sikuona nimepungukiwa na kitu.

Nilipofika miaka tisa wakaniita. Pale uwanja wa ndege Mama alikuja mbio amefungua mikono yote miwili, nami nikampa mkono mmoja kama ninavyomsalimu mwalimu. "Shikamoo," nikasema. Akacheka. Halafu akaacha kucheka.

Tulikaa Muaither, kwenye jumba kubwa lililogawanywa vipande vipande, kila kipande familia yake. Chetu kilikuwa cha nyuma, karibu na matangi ya maji, chumba na sebule. Wiki tatu kabla sijafika, msichana wa kazi aliyekuwa akimlea Mwakio alikuwa amerudi kwao. Mambo haya mawili hayakuhusiana, lakini hakuna aliyefikiria kuniambia hivyo, nami nikayaunganisha mwenyewe. Yaya ametoka, mimi nimeingia. Mama alikuwa anafanya kazi zamu za usiku. Baba aliondoka alfajiri kwenda Sanaiya, kule kwenye karakana na kambi za wafanyakazi. Na sentensi niliyoisikia kuliko zote katika nyumba ile ilikuwa hii: "Wakesho, mwangalie mdogo wako." Nimwangalie akila. Nimwangalie akioga. Nimwangalie nikiwa nafanya hesabu zangu za shule. Nikajua kilichonileta Doha.

Nataka kusema kweli: hakuna aliyenitesa. Nilikula walichokula, nililala kitanda kimoja na Mwakio, tulipanda basi moja la shule. Nguo zangu zilikuwa mpya na zake zilikuwa za kurithi kwa jirani. Lakini nilikuwa nimeshaamua, na mtoto akishaamua jambo, khalas, imekwisha, ushahidi wote anaupeleka huko huko.

Kisasi changu kilikuwa kidogo sana. Niliacha kuitika. Bibi alinilea nikijua kwamba ukiitwa unaitika "Abee" papo hapo, popote ulipo, hata kama mdomo umejaa muhogo. Doha nikaacha. Mama akiita "Wakesho," nilikuwa nainuka kimya, nakwenda, nasimama mbele yake. Alishtuka kila mara.

"Kwani hukunisikia?"

"Nimesikia."

"Sasa mbona huitiki, mwanangu?"

Nilikuwa naangalia ukuta. Baba, aliyekuwa amelala kwenye kochi na soksi zake za kazi, alisema, "Mwache, atazoea." Baba alikuwa mtu wa atazoea. Hata kiyoyozi kikigoma alisema kitazoea.

Sikumwita Mama jina lolote pia. Niliweza kupanga maneno yangu hivi kwamba siku nzima inapita bila kumwita. Siyo kazi rahisi, jaribu uone.

Mwakio alikuwa na miaka sita, na alikuwa na mdomo. Aliongea tangu anapofungua macho: Kiswahili chetu, Kiingereza cha shule na Kiarabu cha uwanjani, vyote katika sentensi moja. Aliniita Dada tangu siku ya kwanza bila kuambiwa na mtu. Alinifuata mpaka mlangoni pa choo, akakaa chini nje, akaendelea kuongea. Aliniudhi. Nilimwona mtoto laini, ambaye hajawahi kubeba maji wala kuchomwa na mwiba. Ila alijua mambo ya mjini. Mara ya kwanza tulipokwenda kwenye yale maduka makubwa, Mama alituinamia mlangoni akasema, "Mkipotezana na mimi, msinitafute. Simameni hapo hapo mlipo. Mimi ndiye nitawatafuta." Mwakio akalikariri lile kama sala, na kidole juu. Nikaona huo ni ushauri wa watu wavivu. Bibi alinifundisha vingine: ukipotea kwenye ukungu, teremka. Teremka mpaka usikie maji, ufuate maji, utatokea kwa watu. Nilikuwa nimefanya hivyo mara mbili kule nyumbani, na mara zote mbili nilitokea uani kwa mtu nikapewa uji.

Kila msimu wa baridi Wataita wa Doha walikuwa wanakwenda jangwani kulala. Wenye familia walikuja na watoto, mabachela wa kambini walikuja na spika na nyama. Mpangaji mkuu alikuwa Mjomba Mwadime, dereva wa basi la kampuni, ambaye hakuwa mjomba wetu wa damu ila alikuwa na sauti ya mjomba. Mwaka ule tulitoka Alhamisi alasiri. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili kabla, na mchanga ulikuwa mgumu na wenye harufu. Mama alikuwa ametoka kwenye zamu nne mfululizo na alilala garini njia nzima, mdomo wazi. Hema letu lilikuwa la kuazima. Sikuwa najua kwamba jangwa lina baridi. Nilidhani nchi ya joto ni ya joto, basi. Jua lilipozama tu watu walianza kuvaa kila walichobeba, na sisi watoto tulilala na nguo zetu zote, na soksi juu ya soksi.

Asubuhi niliamka wa kwanza. Nikafungua mlango wa hema, na nje kulikuwa kweupe.

Sitaweza kukueleza furaha ile. Miezi minne nilikuwa nimeishi kwenye nchi ambayo kila kitu chake kilihitaji kuelezwa, hadi bomba la chooni, na leo kimekuja kitu ninachokijua mimi. Ukungu. Ulikuwa mzito kama wa kwetu, na ulikuwa na maji ndani yake kama wa kwetu. Nikavaa jaketi la Baba lililokuwa limetundikwa kwenye kamba ya hema. Likanifika magotini.

"Dada, unaenda wapi?" Mwakio alikuwa amekaa tayari, anatafuta kroksi zake za plastiki.

"Kukojoa."

"Na mimi."

Mama hakufungua macho. Alisema kutoka ndani ya blanketi, "Wakesho, mwangalie mdogo wako." Sikuitika.

Tulikojoa. Halafu tukasikia ngamia wakinguruma mahali fulani mbele, na Mwakio akataka kuwaona, nami nikampeleka. Sikumpeleka kwa ajili yake. Nilitaka kutembea ndani ya ukungu na mtu asiyeujua, ili mara moja katika nchi ile niwe mimi ninayejua. Tulitembea, ngamia wakanyamaza, wakanguruma tena upande mwingine. Tulipogeuka hapakuwa na hema. Nikajaribu kurudi nilikotoka, na baada ya hatua mia hivi nikajua sirudi nilikotoka.

"Tumepotea," Mwakio akasema. Hakuogopa. Akasimama wima, akaunganisha miguu. "Sasa tunasimama. Mama alisema."

"Alisema ya dukani. Hapa si dukani."

"Alisema tusimame hapo hapo."

"Wewe hujui ukungu," nikamwambia, na nikamshika mkono nikaanza kutafuta mteremko.

Hapo ndipo nilipokosea, na ni kosa ambalo mtoto wa mlimani tu angeweza kulifanya. Nchi ile ni tambarare kama sinia. Ilinibidi niutafute mteremko kwa nyayo, na nilipoupata ulikuwa mdogo sana kiasi kwamba mtu mwingine asingejua anashuka. Mimi nilijua. Nikajisifu hata. Tukashuka polepole kwa muda mrefu, Mwakio akilalamika, mpaka tukafika mahali penye vichaka na miti mifupi ya miiba. Baridi ya pale ilikuwa ya aina nyingine, ilikuwa imetulia chini. Na maji yalikuwepo. Yalikuwa dimbwi la ile mvua, refu kidogo, la rangi ya chai ya maziwa.

Nikalizunguka. Nikalizunguka tena. Halikutoka popote wala halikwenda popote. Nakumbuka nikasimama pembeni yake nikiyasubiri yale maji yaanze kwenda. Bado sikuwa na hofu. Nilikuwa nimeudhika, kama mtu aliyeahidiwa kitu.

Mwakio aliteleza kwenye tope akaingia mpaka kiunoni. Nilimvuta kwa ukosi. Alipotoka kroksi moja ilibaki mle, na soksi zake zenye picha za samaki zilikuwa nzito kwa maji, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa haongei.

Kuanzia hapo nilifanya vitu vichache vizuri, na nivitaje, maana vingine vyote ni aibu. Nilimvua suruali na soksi. Nilivua jaketi nikamvika, nikamfungia mpaka kidevuni. Nikatafuta kichaka kinene, nikakaa nyuma yake tukaupa upepo mgongo, nikampakata, na miguu yake nikaiingiza chini ya sweta yangu ikagusa tumbo langu, kama Bibi alivyonifanyia siku za baridi. Miguu ile ilikuwa baridi mpaka nikavuta pumzi. Vidole vyangu vya mkono sikuvihisi. Niking'ata kimoja, nilihisi jino lakini sikuhisi kidole.

Tulikaa hivyo. Halafu nikamsikia Mama.

"Mwakio!"

Sauti ilitoka juu, upande wa kushoto. Ilikuwa sauti yake kabisa, haikuwa mbali. Nikanyoosha shingo. "Mwakio! Mwakioo!" Nikasubiri jina la pili. Niliamini lipo njiani. Nilimpa nafasi ya kuvuta pumzi, kwamba sasa atalisema. Akaita mara ya tatu, ya nne, ya tano, na kila mara lilikuwa jina lile lile moja.

Mwakio akafungua mdomo aitike. Nikauziba kwa mkono wangu.

Haikuwa muda mrefu. Nimejiambia hivyo maisha yangu yote. Sauti ilipita juu yetu, ikaenda kulia, ikapungua, ikaisha. Mwakio hakujitikisa hata kidogo. Alikuwa ananiangalia tu, macho yake juu ya mkono wangu, na nilihisi pumzi yake ikiingia katikati ya vidole. Nilikuwa nawaza jambo moja, tena kwa utulivu kabisa: kwamba anamtafuta mtoto wake, na yaya atajijua mwenyewe. Wala sikuwa na hasira. Ukiniuliza nilihisi nini, sikuhisi kitu, vile vile kama vidole.

Nikaondoa mkono. "Dada, Mama anaita," akasema kwa sauti ndogo.

"Nimesikia."

Nilidhani atarudi baada ya dakika chache. Hakurudi. Tulisikia honi ya gari, mbali, kisha hata honi ikaacha. Mwakio alikuwa anatetemeka mpaka meno yanagongana, halafu akaacha kutetemeka, nami nikafurahi. Nikadhani amepata joto. Nilikuwa na miaka tisa, ningejuaje? Ila baadaye nikaona midomo yake imekuwa kama majivu na maneno yanatoka polepole, yamelegea, na anataka kulala. Mwakio, ambaye hata usingizini alikuwa anaongea, hataki kuongea. Hapo hofu ikaja, na ilikuja yote kwa pamoja. Nilielewa kwamba mdogo wangu anaweza kufa mapajani mwangu na kwamba nimeuziba mdomo wake mimi.

"Mama," nikaita. Lilikuwa neno gumu kutoka. Nikaita tena kwa nguvu zote, na tena, na tena. Sikujibiwa.

Nikainuka nikimbie kumtafuta. Nilikuwa nimeshamlaza Mwakio chini na nimeshapiga hatua ya kwanza. Akanishika pindo la sketi, amefumba macho. "Alisema tusimame," akanong'ona. Nikaangalia weupe ule mbele yangu. Sijui ni kitu gani kilichonirudisha chini, busara sikuwa nayo. Nadhani ni kwamba elimu yangu yote ilikuwa imeishia kwenye dimbwi lile, na iliyobaki ilikuwa ya kwake. Nikakaa. Nikampakata tena, nikakumbatia jaketi na yeye ndani yake.

Ili asilale nikaanza kumfundisha majina ya mbuzi wa Bibi. "Sema Debe."

"Debe."

"Sabuni."

"Sabuni. Kwa nini Sabuni?"

"Alikula sabuni. Sema Mwalimu."

"Mwalimu."

"Na Kijiko. Haya, yote manne."

Aliyasema mara nyingi sana. Akisahau namfinya. Akisinzia namfinya. Mpaka leo nikishindwa kupata usingizi mimi ninataja mbuzi wale, na hawanisaidii.

Sauti ikarudi. Safari hii ilitoka nyuma yetu, imekauka, imepasuka katikati. "Mwakio." Jina lile lile. Mkono wangu ulibaki ulipokuwa. Lakini mdomo wangu pia ulibaki ulivyokuwa, na hili nimeshindwa kujisamehe zaidi hata ya lile la kwanza, maana sasa nilijua kinachoweza kutokea na bado nilikuwa nasubiri jina langu. Mwakio akainua kichwa kutoka kifuani kwangu. Akakusanya nguvu zote alizobakiwa nazo, akapiga kelele.

"Dada yuko hapa!"

Hivyo ndivyo alivyosema. Yeye ndiye aliyekuwa anaitwa.

Mama alitokea kwenye weupe akiwa na nguo za kulalia, sweta ya kazini juu yake, mguu mmoja una ndala na mwingine hauna. Alimchukua Mwakio mapajani mwangu. Akamgusa shingo, akamtazama kucha, akafungua sweta yake akambandika kifuani, ngozi kwa ngozi, akavuta jaketi likawafunika wote wawili. Hakuniangalia. "Shika nguo yangu," akaniambia. "Usiachie." Nikashika. Tukatembea kuelekea kwenye honi iliyokuwa imeanza tena, yeye mbele na mimi nyuma, na nilikuwa naona kisigino chake kinatoka damu.

Kwenye mahema waliwasha gari wakafungulia joto. Mwakio alipoanza kutetemeka upya, Mama ndiyo kwanza akalia. Leo najua muuguzi analia kwa nini mtoto akianza kutetemeka tena: mwili umerudi kupigana na baridi. Wakati ule niliona anamlilia mwanawe anavyoteseka. Baba alikuja kutoka upande wa pili, amelowa umande, akanibeba. Mjomba Mwadime akanifunika blanketi, akanipigapiga mgongoni. "Vizuri, mama. Umemwangalia mdogo wako." Nilitamani anichape.

Njiani kurudi Muaither, Mwakio amelala, Mama aliniuliza swali moja. "Mlinisikia nikiita mara ya kwanza? Nilipita huko huko."

"Hapana," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Hakuniuliza tena siku ile, wala mwaka ule, wala alipokuwa mgonjwa.

Kitu kimoja kilibadilika pale nyumbani, na mimi nikakiona ni kero. Mama akaanza kuita majina mawili. "Wakesho, Mwakio, chakula." "Wakesho, Mwakio, fungeni mlango." Langu mbele, siku zote, hata alipomtaka Mwakio peke yake. Nilikuwa nakwenda kutoka chumbani na daftari mkononi, naye ananiambia, "Wewe rudi tu, mama, nilimtaka huyu." Nikadhani amejifunza kuhakikisha yaya yupo. Nilianza kumjibu, taratibu, kadiri nilivyokua. "Nakuja," nilisema. "Niko." "Nini?" Nilipofika kidato cha pili hata tulikuwa tunacheka pamoja. Abee sikuwahi kumpa.

Basi Ijumaa iliyopita, jaketi likiwa magotini, nikampigia Mwakio. Yuko Voi sasa, anasomea ualimu, ana ndevu, na bado ana mdomo. Nikamwambia Baba amenipa jaketi lile.

"Lile la kupotea?" akasema. "Ehe, Mama alinikataza hata kulivaa. Nilikuwa nalitaka sana. Alisema ni la Dada."

"Wewe unakumbuka nini siku ile?"

"Mbuzi," akasema. "Debe, Sabuni, Mwalimu, Kijiko. Na baridi. Na ulivyonifunika mdomo nisigande."

Nakato alikuwa anageuza kola ya shati juu ya ubao.

"Nilikufunika mdomo?"

"Si ulikuwa unanipasha joto? Mkono wako wenyewe ulikuwa barafu, lakini nikakuacha, nikaona unajaribu." Akacheka. "Nilimwambia Mama siku ile ile, tulipofika nyumbani, akinikanda miguu. Nikamwambia Dada alinifunika mdomo usiingie baridi."

"Akasemaje?"

"Aliuliza ni wakati gani. Nikamwambia, wakati ulikuwa unaita."

"Na yeye akasemaje, Mwakio?"

"Aliacha kunikanda, ameshika mguu wangu tu. Halafu akasema, nilikuwa naita jina lako tu kwa sababu wewe ndiye mwenye mdomo, dadako haniitikii hata tukiwa sebuleni. Akasema, nilijua alipo yeye na wewe upo, hawezi kukuachia. Sasa sijui alikuwa ananiambia mimi ama anajiambia, maana mimi sikuwa nimeuliza." Nikasikia mlango unafungwa upande wake, watu wanapita. "Halafu kitu cha kuchekesha, Dada. Hapo hapo akaita. 'Wakesho, Mwakio.' Kwa sauti kubwa. Na mimi niko mapajani mwake. Nikamwambia, Mama, mimi si niko hapa. Dada? Bado uko kwenye simu?"

"Niko," nikasema. Nikamwambia nitampigia baadaye.

Nililivaa jaketi. Siku hizi linanifika kiunoni tu, na mikono yake inanitosha kabisa. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikafunga zipu mpaka pale palipong'oka meno. Sikulia, usitarajie hilo. Nilikuwa nasikiliza jina langu likiitwa mbele ya jina la mdogo wangu, jioni baada ya jioni, miaka kumi, na mwanamke yule anajua nilichofanya, anasimama jikoni na mwiko mkononi anasubiri aone kama nitaitika.

"Abee," nikasema.

Pasi ya Nakato ikasimama. "Umesema?"

"Niliitwa," nikamjibu. "Sikuwa nimeitika."